Barua kwa Wanjiru: mafuta ya jua kwa ngozi yenye ekzema

Kondele, Kisumu
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa dada yangu Wanjiru,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, watoto wamerejea shuleni, na joto la Januari ni lile lile unalolijua. Barua yako na picha ya shingo vilinifikia Ijumaa. Pole sana, dada. Najua ekzema, huu ugonjwa wa ngozi kukauka na kupasuka, inavyowasha, hasa usiku mtu akishapata joto la blanketi.

Kilichoniuma zaidi ni yale maneno ya mwisho, kwamba unataka kumwomba mwalimu mkuu akuondoe uwanjani, netiboli apewe mtu mwingine, wewe ubaki darasani. Tafadhali usipeleke ombi hilo bado. Unasema ngozi yako haipatani na mafuta ya jua kwa sababu yale uliyopewa na mwenzako ofisini yalikuchoma mpaka ukakimbilia mfereji. Mimi nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa kutwa nzima, na malalamiko kama yako nayasikia mara kwa mara. Karibu kila mara tatizo huwa ni kile kilichotiwa ndani ya chupa ile moja.

Umefanya jambo la maana kuninakilia orodha nzima ya viambato. Viambato huandikwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi, na katika mafuta yale kileo kinafuata maji moja kwa moja. Hapo tu ngozi iliyopasuka lazima iwake. (Usikichanganye na setili alkoholi au setearili alkoholi ukiziona kwenye tyubu nyingine. Hizo ni za jamii ya mafuta, hulainisha, na wengi wenye ekzema huzivumilia.) Mbele kidogo kuna neno "parfum", yaani manukato. Wewe tangu tuko bwenini, ukilala na soksi mikononi ili usijikune usingizini, ngozi yako haijawahi kupatana na kitu chenye manukato. Kisha kuna oksibenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, na karibu na mwisho kihifadhi (kitu cha kuzuia mafuta yasioze) kiitwacho methilisothiazolinoni. Madaktari wa mzio wa ngozi kule Marekani wana chama ambacho kila mwaka huteua kemikali moja ili kuwatahadharisha watu. Mwaka 2013 waliteua kihifadhi hicho, na 2014 wakateua benzofenoni, jamii ambayo oksibenzoni imo. Vyote hivyo ulivipaka mwilini kwa mkupuo mmoja, tena wakati shingo ina nyufa.

Sasa, vichujio vya jua, yaani viambato vinavyozuia miale, ni vya aina mbili. Kuna vya kikaboni, kama hiyo oksibenzoni, oktokrileni na avobenzoni, na kuna vya madini, ambavyo ni viwili tu: zinki oksaidi na titaniamu dioksaidi. Vya madini hukaa juu ya ngozi na ni nadra sana kuleta mzio. Zinki oksaidi ndiyo ile ile iliyomo kwenye losheni ya kalamini na kwenye krimu za watoto za vipele vya nepi, na inazuia UVA, aina mojawapo ya miale ya jua, kwa upana kuliko titaniamu. Sisemi vichujio vya kikaboni vyote ni vibaya. Wapo wenye ekzema wanaovitumia miaka na miaka bila shida. Ila kwa mtu aliyekwisha kuchomwa, mimi ningeanzia kwenye madini, na ningechagua tyubu yenye orodha fupi kuliko zote kwenye rafu. Kila kiambato kinachopungua ni kisingizio kimoja kilichoondoka.

Angalia pia jinsi wanavyoandika kuhusu harufu. Tafuta iliyoandikwa kwamba haikutiwa manukato kabisa. Zile zinazodai tu kwamba hazinukii zinaweza kuwa zimetiwa kitu cha kufunika harufu, na hicho kitu nacho ni manukato. Ukiona maneno kama "asilia" na "mitishamba" usilegee, maana mafuta ya lavenda na ya malimau ni asilia na yanawasha vilevile. Mafuta ya nazi ambayo shemeji yako anayasifu hayana kinga ya jua ya kutegemea. Jeli ya kawaida, kama Vaseline au Arimis, inafaa kutunza unyevu, lakini jua inaliachia lipite.

Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye tyubu, isikuhangaishe. Watu huja hapa wakitaka "ile ya mia", wakitoa pesa nyingi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, aina ile nyingine ya miale ya jua, SPF 50 takriban asilimia 98. Ukishapita hapo unalipia kidogo sana. Bora uangalie kama nyuma ya tyubu pana herufi UVA ndani ya duara, kwa sababu SPF inapima hasa UVB, na UVA ndiyo inayopita hata kwenye kioo cha dirisha la matatu.

Mwenzako alikwambia mtu mweusi hana haja ya mambo haya. Kweli ngozi yetu ina kinga yake, wataalamu wameikadiria kuwa kama SPF 13, ndiyo maana hatuungui upesi. Lakini kinga hiyo haizuii madoa. Yale mabaka meusi yanayobaki shingoni ekzema ikishapoa, ambayo nakujua yanakuhuzunisha kuliko muwasho wenyewe, hukolezwa na UVA na hata na mwanga huu wa kawaida tunaouona kwa macho. Ndiyo sababu tyubu niliyokufungia ni ya rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni oksaidi za chuma, na hizo ndizo zinazozuia mwanga wa kuonekana, kitu ambacho krimu nyeupe za kawaida hazikifanyi vizuri. Tena haitakuacha na ule weupe wa kijivu usoni unaowafanya wanafunzi wacheke. Itapaka kola ya shati kidogo, hilo nakuambia mapema.

Kuhusu jua la Nakuru, naomba usidanganywe na upepo wake. Sisi Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, ninyi mko karibu mita 1,850, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno (ndiyo hiyo UVA na UVB) huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 12. Ikweta mnayo hapo juu tu kwenye barabara ya Mogotio. Huku kwetu joto humfukuza mtu kivulini mwenyewe. Kwenu mtu anasimama uwanjani saa sita mchana akiona raha, kumbe anapigwa vibaya kuliko mimi. Mawingu nayo hupitisha miale mingi. Angalia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, funika.

Mama mkwe anayesema uote jua ili ekzema ikauke hasemi upuuzi, mjibu kwa heshima. Hospitalini kuna tiba ya mwanga inayotumia aina maalumu ya UVB, na wapo wagonjwa ambao jua huwapa nafuu. Lakini ile ya hospitali hupimwa kwa sekunde na dakika, chini ya macho ya daktari. Uwanjani unapata joto, jasho na vumbi kwa pamoja, na jasho lenyewe linatosha kuamsha muwasho.

Kwa hiyo nguo kwanza, krimu baadaye. Mwili mzima wa mtu mzima huhitaji kama mililita 30 kwa kupakwa mara moja, na tyubu hii ni ya mililita 50. Ukiipaka mpaka miguuni itakwisha kabla ya wiki, na mshahara wa mwalimu tunaujua. Vaa shati la pamba la mikono mirefu, lililofumwa kwa kubana, lenye nafasi ya hewa ndani. Vaa kofia ya ukingo mpana, maana kepu inaacha masikio na shingo wazi. Krimu ibaki ya uso, masikio, shingo na migongo ya mikono. Na yale mazoezi ya Jumamosi ya saa tano, omba yasogezwe saa moja asubuhi. Wasichana wenyewe watashukuru.

Kabla ya yote, shingo ipone. Usipake krimu yoyote ya jua mahali palipo wazi au panapotoa maji. Hapo funga leso laini na uendelee na dawa uliyoandikiwa. Ukiona magamba ya njano, usaha au homa, nenda hospitali upesi, usiningoje mimi. Na kama kwenye dawa zako mna takrolimasi ya kupaka, au unameza doksisaiklini au Septrin, mwambie daktari kwamba unashinda juani, kwa sababu dawa hizo na jua zinahitaji tahadhari.

Wakati shingo inapona, ipime krimu mkononi. Paka mduara wa ukubwa wa sarafu ya shilingi moja upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, asubuhi na jioni, mahali pale pale, kwa siku 7 hadi 10. Siku moja haitoshi, mzio mwingine huchelewa kujitokeza. Na kwenye ngozi yetu usitafute wekundu, hutauona. Tafuta rangi iliyokolea kuelekea zambarau, pasa mkono uone kama pana joto, sikiliza muwasho, hisi kama pamekuwa na vijipele kama changarawe. Pakibaki vilevile, hamia nyuma ya sikio siku chache, halafu ndipo uso.

Siku ya kuvaa, anza na mafuta yako ya kawaida ya kulainisha, kisha kaa kama nusu saa. Chai unywe, madaftari usahihishe. Ukipaka krimu ya jua juu ya mafuta ambayo hayajaingia, inateleza na kugawanyika, unabaki na mistari isiyo na kinga. Halafu kamua mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kutoka ncha mpaka mwanzo wa kiganja. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo, na kitaonekana kingi. Usisugue, gusagusa na kutandaza kwa upole kufuata vinyweleo. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na jasho likija lipanguse kwa kitambaa cha pamba kwa kubonyeza tu. Jioni osha kwa maji ya uvuguvugu bila dodoki, jikaushe kwa kugusa, na mafuta ya kulainisha yaingie kabla ngozi haijakauka kabisa.

Kuna jambo moja la msichana wako wa Kidato cha Pili mwenye ualbino uliyenitajia. Huyo asiambiwe atafute tyubu madukani. Mzazi wake amsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani losheni za jua hutolewa bure kwa watu wenye ualbino kupitia mpango wao. Fuatilia, nakuomba sana, kwake hili ni suala la saratani.

Tena usikubali krimu za kuchanganywa kwenye vikopo visivyo na karatasi, hata zikisifiwa sokoni kwamba zinaondoa madoa kwa wiki. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku Kenya katika vipodozi, nyingine zina steroidi kali inayokondesha ngozi. Shingo yako haitavumilia hata moja ya hizo.

Tyubu iko kwenye bahasha ya kaki, nimeifunga na gazeti isipasuke. Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Uandike juu yake tarehe utakayoifungua, na uangalie ule mchoro mdogo wa kopo lililo wazi uone inadumu miezi mingapi. Ukimaliza siku za kupima, nipigie simu jioni, hata kama hakuna kilichotokea, unieleze mkono unaonekanaje. Ikikataa, tuma picha ya orodha ya viambato vyake tuilinganishe na ile ya kwanza, tuone kilichojirudia, kisha nitakutafutia nyingine, au twende pamoja kliniki ya ngozi upimwe mzio kwa vibandiko.

Wasalimie watoto, na mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Dada yako,
Achieng'