Ukulele ilitoka Madeira

Mhariri,

Makala ya muziki mliyoichapa Jumapili iliyopita iliieleza ukulele kuwa “gitaa dogo la asili la Hawaii”. Naomba nafasi nilisahihishe neno “asili”, kwa kuwa linawafuta watu waliovuka bahari na ala hiyo.

Tarehe 23 Agosti 1879, meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walirudia randa na patasi zao, wakafungua karakana mjini na kuunda kigitaa cha kwao chenye nyuzi nne, ambacho Madeira hukiita machete au braguinha, na ambacho ndugu yake wa Ureno bara ni cavaquinho.

Sisemi kwamba ukulele ni mali ya Wareno. Wahawaii waliifanya yao: ubao ukawa wa mti wa koa unaoota visiwani mwao, na ulinganifu wa sauti za nyuzi ukafuata ule wa rajão, ala nyingine ya Madeira yenye nyuzi tano, ndiyo maana uzi wa nne, ulio karibu zaidi na kidevu cha mpigaji, hutoa sauti nyembamba pale tunapotarajia nzito. Mfalme Kalākaua aliipenda, akaipa nafasi katika shughuli za ikulu. Hata jina, ambalo masikioni mwetu halipo mbali na kelele, ni la Kihawaii. Wengi hulifasiri kuwa kiroboto arukaye, ila Malkia Liliʻuokalani alilifasiri kuwa zawadi iliyokuja, na tafsiri hiyo ndiyo inayonifaa katika hoja yangu.

Brazil haina utata huu, kwa sababu wapigaji wa muziki wa choro na samba walibaki na jina lilelile la cavaquinho, kama walivyofanya wenzao wa muziki wa morna huko Cabo Verde. Hawaii jina lilibadilika, na pamoja nalo ikasahaulika safari.

Mtakapoiandika tena ukulele, sentensi moja kuhusu Madeira na wale maseremala watatu itatosha.

Mwalimu wa muziki,
Tanga