Usiitie laminesheni hiyo noti

Mwanangu,

Hapa Tabora hatujambo, hofu ni kwako huko Maskati. Picha ya noti uliyoinunua kwa mwenzako wa kazini nimeiona kwenye simu. Trilioni mia moja za Zimbabwe! Sifuri nimezihesabu, 14 zimetimia, na majabali ya Chiremba, yale ya huko kwao yaliyobebana, yapo. Ila umesema unataka kuitia laminesheni. Usithubutu! Ikishagandishwa haitoki tena, na hakuna mkusanyaji atakayeitaka. Usiifue, wala usiipige pasi. Ilaze ndani ya kitabu kizito mpaka upate albamu nzuri; albamu inayonuka kama pazia jipya la bafuni uiache dukani, plastiki yake huharibu noti.

Umeuliza kama umepigwa. Inategemea. Noti hiyo ilitoka Januari 2009, na mwezi uliofuata tu benki yao ikafuta sifuri 12 kwenye pesa yao. Mwaka 2015 walipozikusanya zile za zamani, noti kama yako ilibadilishwa kwa senti 40 za Kimarekani. Wakusanyaji walishakuwa wanatoa zaidi ya hapo, na ndiyo maana za bandia zimejaa. Iinue kwenye mwanga umtafute ndege wa Zimbabwe, ile nembo ya nchi yao, ndani ya karatasi. Asipoonekana, kamrudishie mwenzako noti yake.

Mimi sifuri hazinisisimui sana. Noti ninayoipenda ni ile rupia moja ya marehemu babu yako, ya mwaka 1916, ambayo ukiwa mdogo ulisema ni risiti. Imechapwa kwa Kijerumani kwenye karatasi hafifu, haina hata picha ya kutazama. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, noti hazifiki kutoka Ujerumani, basi wakoloni wa Kijerumani wakaanza kuzichapa wenyewe Dar es Salaam, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowasukuma bara wakahamia hapa kwetu Tabora. Wakachapa kwenye karatasi yoyote waliyoipata. Mwaka uliofuata, wakiwa wanakimbilia kusini, walizichapa kwa herufi za mpira! Fikiria aliyebeba mizigo yao akalipwa karatasi hiyo, halafu waliomlipa wakashindwa vita.

Baba yako haya hayamwingii. Mwaka jana, 2025, Benki Kuu ilipotangaza mwisho wa noti zetu za zamani, alipekua kabati zima azipeleke benki kabla ya tarehe 5 Aprili. Nilifanikiwa kuficha shilingi 200 moja yenye sura ya Mzee Mwinyi. Usimwambie.

Sasa nakutuma. Omani walitumia rupia za Ghuba mpaka 1970. Zilitolewa India kuanzia 1959, rangi zake si zile za rupia za kwao, na namba zake zinaanza na herufi Z. Ukipita soko la Mutrah, waulize wazee wanaouza vitu vya kale. Moja tu inanitosha, hata ikiwa imechakaa, mradi haijabandikwa gundi. Bei ya kwanza usiikubali.

Wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako