Yah: Malalamiko kuhusu mashine ya boti isiyowaka kwa urahisi, na matengenezo mawili yasiyogusa tatizo

Sahare, Tanga

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Mwezi wa Machi mwaka huu, kaskazi ikiwa inaishia, nilinunua katika duka lenu la hapa Tanga mashine mpya ya boti ya nguvu ya farasi 15, ya aina inayochanganyiwa oili kwenye petroli, pamoja na tangi lake na mpira wake wa mafuta, vyote vikitoka katika boksi moja lililofunguliwa mbele yangu. Nakala za risiti na kadi ya waranti nimeziambatanisha. Nawaandikia kwa sababu tangu wiki ya tatu mashine hiyo imekuwa ngumu kuwaka, nimeileta karakana kwenu mara mbili, mara zote mbili nimerudishiwa ikiwa na tatizo lile lile, na mara zote mbili nimelipishwa.

Naomba nieleze dalili zenyewe kama nilivyozieleza kwa fundi wenu, maana naamini zingesikilizwa vizuri tusingefika hapa. Jioni tunaporudi, kabla ya kuinua mashine, vijana wangu huchomoa mpira wa mafuta na kuiacha iwake mpaka imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta, kama kijitabu chenu kinavyoelekeza. Asubuhi mpira hurudishwa, mafuta husukumwa kwa ile pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira, choki huvutwa, gia ikiwa frii na kamba ya usalama ikiwa mahali pake. Hapo ndipo kazi huanza. Kamba huvutwa mara ishirini, thelathini, na mashine haitoi hata sauti ya kutaka kuwaka. Ikiwaka, hukoroma sekunde chache na kuzima. Ikishakubali mara ya tatu au ya nne, hutembea, na ikizimwa baharini kwa dakika tano huwaka kwa mvuto mmoja. Shida yake ni pale inapokuwa imekaa.

Mara ya kwanza kuileta, fundi wenu alibadilisha plagi mbili, akaijaribu mchana ndani ya pipa la maji, ikawaka, akaniambia natumia petroli chafu ya kwenye madumu. Mara ya pili alifungua kabureta na kuiosha, akabadilisha tena plagi zile zile alizoziweka mwenyewe wiki tano kabla, akarudia maneno yale yale kuhusu petroli. Kwenye karatasi ya kazi pameandikwa tu “ngumu kuwaka”. Hakuna aliyeiacha ilale usiku mmoja hapo karakana akaijaribu asubuhi, ingawa niliomba hivyo mara zote mbili, na hakuna aliyeniuliza kuhusu tangi wala mpira, ambavyo vilibaki kwenye boti kwa sababu niliambiwa nilete mashine peke yake.

Kuhusu petroli, naomba lisemwe mara moja liishe. Nanunua sheli, nachuja kwa kitambaa, na nachanganya mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Saa kumi za mwanzo, wakati mashine inazoea kazi, niliweka mara mbili ya hapo kama kijitabu kinavyotaka. Baada ya kushutumiwa nilijaza petroli hiyo kwenye chupa nyeupe, nikaiacha mpaka kesho yake. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekuwepo yangejitenga chini na mstari ungeonekana. Haukuonekana.

Lililonifanya nisiendelee kunyamaza lilitokea mwezi wa Juni. Boti ilikuwa nje ya kisiwa cha Yambe na vijana wanne, nyavu zikiwa majini na mashine ikiwa imezimwa na kuinuliwa ili rafadha isinase. Kusi ikaongezeka kabla ya muda waliotarajia. Nahodha aliamuru nyavu zivutwe haraka, akashusha mashine, akaanza kuvuta kamba. Alivuta mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, akampisha mwenzake, naye akavuta, na wakati wote huo upepo na mkondo vilikuwa vinawasukuma kwenye mwamba ambao mawimbi yalikuwa yakipasuka juu yake wakiyaona kwa macho. Waliokolewa na nanga, iliyoshika kwenye pima saba hivi. Mashine iliwaka baada ya nusu saa. Ndugu Meneja, mimi ndiye niliyewatuma vijana hao, na ni mimi ninayewajua mama zao. Nikiambiwa tena kuwa ni suala la plagi, siwezi kulipokea jibu hilo kama nilivyolipokea mwanzo.

Kesho yake nilimwita fundi mmoja mzee anayetengeneza mashine za wavuvi pale Deep Sea. Hakugusa kitu kwanza. Alisema tuiache mpaka asubuhi ili aikute katika hali ninayoilalamikia. Asubuhi, baada ya kuvuta kamba mara kumi bila jibu, alifungua plagi zote mbili akanionyesha kuwa zilikuwa kavu kabisa, hazina hata harufu ya petroli. Aliziunganisha tena na waya zake, akagusisha chuma cha kila plagi kwenye bodi ya mashine, akavuta kamba: cheche ikaruka ya bluu, kali, kwenye zote mbili. Kwa hiyo moto ulikuwepo, na kilichokosekana ni mafuta. Kisha akatia petroli kidogo moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, akavuta, mashine ikawaka sekunde tatu ikazima. Kazi yote hiyo haikuchukua robo saa wala haikuhitaji kifaa cha gharama.

Baada ya hapo akanipa mimi pampu ya mkono niibonyeze, akanielekeza niishike mshale wake ukitazama juu. Nilibonyeza zaidi ya mara thelathini na haikukaza. Ilibaki laini mkononi kama embe lililoiva mno. Tukafungua kifuniko cha hewa cha tangi kuhakikisha hakijaziba. Bado. Ndipo akapaka grisi nzito kuzunguka kiungio cha mpira pale unapoingia kwenye tangi, akanirudishia pampu, na kwa mibonyezo sita ikawa ngumu kama jiwe. Mashine ikawaka kwa mvuto wa pili. Alipokichomoa kiungio hicho tukaona oringi yake, kile kipete cha mpira kinachoziba hewa isipite, imepasuka upande mmoja, mpasuko mdogo unaoonekana tu ukiikunja kwa kucha.

Hii ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuona petroli ikivuja. Sehemu ile iko kati ya tangi na pampu, upande wa kunyonya, ambako mafuta hayasukumwi nje bali hewa ndiyo inayovutwa ndani, na mashine ikikaa, mafuta yaliyomo kwenye mpira hurudi tangini. Kwa kuthibitisha, tuliazima mpira mzima wa jirani yangu mwenye mashine kama yangu, yangu ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Tulipofunga mpira wangu kwenye mashine yake, iliyokuwa haijawahi kumsumbua, ikakataa. Tulifanya hivyo asubuhi mbili mfululizo.

Jambo ninalotaka mlitazame kwa uzito kuliko mengine yote ni hili: katika mashine ya aina hii oili ya kulainisha pistoni inakuja pamoja na petroli, hakuna njia nyingine. Kila hewa iliponyonywa mahali pa mafuta, oili nayo ilipungua, na mashine ikatembea ikiwa kavu na moto kuliko inavyotakiwa. Imetembea hivyo miezi mitatu, na katika miezi hiyo imepita mikononi mwa mafundi wenu mara mbili. Kubadilisha oringi peke yake sasa hakutoshi kunipa imani na pistoni na silinda zake.

Kwa hiyo naomba kampuni inipe mpira mpya kamili pamoja na viungio vyake vya pande zote mbili, na inirudishie gharama za plagi nne na za ufundi wa mara mbili kama zilivyo kwenye risiti. Naomba pia mgandamizo wa silinda zote mbili upimwe mbele yangu, silinda zikaguliwe, matokeo yaandikwe na kugongwa mhuri, na ikionekana zimekwaruzwa zitengenezwe chini ya waranti, ambayo muda wake naomba uanze kuhesabiwa upya tangu siku ya ukaguzi. Wavuvi wengine wa hapa walionunua mashine za shehena ile ile waitwe waangaliwe viungio vyao, maana wapo wanaovuka kwenda mbali kuliko Yambe. Mpenzi wa kushtakiana si mimi, lakini nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mpira wa awali pamoja na oringi iliyopasuka nimevihifadhi nyumbani wala sitavikabidhi bila hati ya kupokelea. Boti ipo Sahare. Fundi wenu akija, aje alfajiri kabla mashine haijawashwa, nami nitakuwepo.

Wenu,
Mteja na mmiliki wa boti