Programu ya kupangia filamu isigeuzwe ghala la video

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watayarishaji wenzangu wa filamu, hasa wanaofanya kazi kwa fedha ndogo, kuhusu jambo ambalo hatulipi uzito mpaka lituangushe usiku wa kuamkia siku ya kupiga picha, nalo ni nafasi ya hifadhi ya mtandaoni katika programu tunazopangia kazi zetu.

Wengi wetu tumekwisha kuachana na daftari na ubao. Skripti huchambuliwa onyesho kwa onyesho ndani ya programu, ratiba hupangwa humo, mikataba ya waigizaji na picha za lokesheni na mavazi huwekwa humo, na jioni kolishiti, yaani karatasi ya maelekezo ya kazi ya siku inayofuata, hutoka humo kwenda kwenye simu ya kila mtu, kuanzia mwongozaji hadi mpishi. Ni utaratibu mzuri na sitamani kurudi tulikotoka. Hata hivyo, kila kifurushi tunachokilipia kina kikomo chake, na kikifikiwa programu haipokei tena faili lolote, liwe la maana au la ovyo.

Mwaka jana nilikuwa msimamizi wa utayarishaji wa filamu moja hapa Dar es Salaam. Mwenye nyumba tuliyokuwa tukiitumia Kigamboni alipata msiba, ikatubidi tuhamishie maonyesho ya siku iliyofuata Bagamoyo. Saa nne usiku kolishiti mpya ilikataa kupanda, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Msaidizi wangu, kijana mwenye bidii ambaye simlaumu hata kidogo, alitafuta folda yenye mafaili mengi kuliko zote, akaikuta ina picha zaidi ya 600, akaifuta. Nafasi haikurudi, maana vilivyofutwa viliendelea kuhesabiwa vikiwa kwenye pipa la taka, hivyo akalimwaga na pipa lenyewe, na kolishiti ikapanda. Folda ile ilikuwa ya kontinyuiti, yaani picha za kumbukumbu za kuhakikisha mavazi na vitu vinabaki vilevile kila onyesho linapoendelea kupigwa. Siku mbili baadaye tulisimama uani, mwigizaji wetu mkuu ameshika khanga ya onyesho la 14, na hapakuwa na aliyekumbuka kwa hakika kama fundo lilikaa bega la kulia au la kushoto. Mama wa mavazi naye alikuwa amezifuta picha hizo kwenye simu yake, akiamini kwamba zimehifadhiwa mahali salama. Tulilipiga upya onyesho zima tangu mwanzo, na siku ile ikatupotea.

Nilipotulia nikayapanga mafaili kwa ukubwa badala ya kuyahesabu, niliona kwamba picha zile zote hazikufika hata gigabaiti 2. Kilichotumaliza ni video 11 za kutafuta lokesheni, ambazo mmoja wetu alizipiga kwa simu akizunguka nyumba chumba hadi chumba, kwa ubora wa juu sana wa 4K. Dakika moja ya video ya namna hiyo huweza kuchukua megabaiti 170 au hata 400, kutegemea simu na ilivyopangwa, ilhali skripti ya kurasa 100 iliyochapwa na kuhifadhiwa kama PDF kwa kawaida haifiki megabaiti 1. Kwa hiyo dakika tatu za ukuta na dirisha zilikuwa zimekalia nafasi ya mamia ya skripti.

Ninachowaomba wenzangu ni kwamba programu ya kupangia kazi ibaki kuwa ofisi, na ghala liwe mahali pengine. Video za filamu yenyewe, zinazotoka kwenye kamera, zisiingie humo kabisa. Mahali pao ni kwenye diski, nakala mbili au zaidi, na moja isilale nyumba moja na nyingine. Video ya lokesheni ipigwe kwa ubora wa chini, iwe fupi, na mwongozaji akishaamua ifutwe. Picha za kontinyuiti zipunguzwe hadi upana wa pikseli 2,000 kabla ya kupandishwa, kwani kwa ukubwa huo fundo la khanga linaonekana na hata jina lake linasomeka, wakati faili limebaki sehemu ndogo tu ya lilivyokuwa. Tena ziwe na nakala ya pili, maana hazirudiwi.

Wanaotumia akaunti ya bure ya Google wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Gigabaiti 15 zinazotolewa hugawanywa kati ya barua pepe, hifadhi ya mafaili ya Drive na picha za simu, na zikijaa huwezi kutuma wala kupokea barua pepe. Mwigizaji anaweza kuwa ametia saini mkataba na kuutuma, nawe usiupate kwa sababu ya picha za harusi ya shangazi. Akaunti ya kazi ya filamu isiwe ya mtu binafsi.

Lipo pia suala la nakala za vitambulisho na namba za simu za waigizaji, ambazo hubaki humo miaka baada ya filamu kutoka. Nafasi zinazochukua ni ndogo, lakini tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hatuna kisingizio cha kuzirundika bila sababu.

Wauzaji wa programu hizi nao wanaweza kutusaidia kwa kutuonya mapema, nafasi inapofika robo tatu, na kutuonyesha faili lipi ndilo zito, badala ya kutuletea ujumbe usiku wa manane ukitutaka tununue kifurushi kikubwa kwa dola.

Katika filamu ninayoianza mwezi ujao nimetenga kwenye bajeti malipo ya mtu mmoja atakayesimamia mafaili. Kila jioni, kabla kolishiti haijatoka, ataangalia nafasi iliyobaki, na hakuna mwingine atakayeruhusiwa kufuta chochote. Mtayarishaji aliniuliza kama kweli kazi hiyo inastahili posho ya siku. Nilimwonyesha gharama za siku ile ya khanga, akatia saini.

Msimamizi wa utayarishaji wa filamu,
Kinondoni, Dar es Salaam