Kwa vijana wa Mtwara na Lindi mnaoandika programu

Wanangu,

Mnaniuliza bora kampuni changa au kampuni kubwa, na mnachokitazama kwanza ni mshahara. Mimi ningeanza na swali jingine: msimbo wako nani atausoma kabla haujaanza kutumika?

Kwenye kampuni changa, mara nyingi hayupo. Minada ya korosho sasa inaendeshwa kwa mtandao kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Tuseme mmepewa kazi ya kuwapelekea wakulima taarifa za malipo. Wewe ndiye unayekaa na katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kumsikiliza, unayepanga kanzidata, unayehangaika na seva. Msimu ukifunguliwa Oktoba, mzee wa Newala hajaona meseji yake, simu inaita kwako saa nne usiku na huna wa kumsukumia. Shule ile ni kubwa. Utaujua mfumo mzima, na utamjua kwa sura mtu anayeutumia. Lakini makosa yako nayo yanaota mizizi, maana hakuna anayeyaona.

Benki au kampuni ya simu ni habari nyingine. Badiliko la mstari mmoja linafanyiwa majaribio, mwenzako analisoma na kukurudishia, watu wa usalama wanalipitia, kisha linasubiri ratiba ya kuwekwa hewani. Nenosiri la kanzidata yenye fedha za wateja hupewi. Vijana wengi huchoka hapo wakidhani wanabaniwa. Sivyo kabisa. Kule kurudishiwa kazi yenye maelezo pembeni ndiko kunakomkomaza fundi. Ninachokihofia ni kijana kukaa miaka kwenye kipande kimoja cha mfumo bila kuonana na mteja hata mmoja.

Kwa anayeanza nasema wazi: nenda penye mkubwa wa kukusomea kazi, hata pawe padogo, hata mshahara uwe mdogo kidogo.

Mkataba nao usiuache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na uchanga wa kampuni haumwondolei wajibu huo. Ukiahidiwa hisa, uliza lini jina lako litaingia BRELA, kwa msajili wa kampuni, kwenye orodha ya wanahisa.

Na mliokwishaanza peke yenu, msingoje kuajiriwa ndipo msomewe. Aliyeko Lindi amtumie mwenzake wa Masasi msimbo wake kabla hajauweka hewani, na wa Masasi asione haya kuurudisha.

Mzee wenu,
Mikindani