Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Nyama: muhuri wako unanuka

Mheshimiwa Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizoleta ofisini kwako ziligongwa muhuri wa "imepokelewa", na tangu hapo sijui zimelala droo gani. Muhuri kwako haujawahi kukosekana. Na kisa changu ni cha muhuri.

Alhamisi ya wiki iliyopita niliteremshiwa swala wanne buchani. Walipigwa risasi alfajiri. Wakanifikia saa kumi jioni, wamelaliana nyuma ya gari kama magunia. Mmoja alipigwa tumboni. Hata asiyejua kushika kisu anajua maana yake: uchafu wa matumbo umemwagika ndani, umegusa minofu, na kila saa ya joto inayopita vijidudu vinazaana. Ubavu wake ulishaanza kugeuka kijani. Pajani, wino wa muhuri wako ulikuwa bado mbichi.

Nilimuuliza mkaguzi wako kama alipasua tezi, kama aliona mapafu na maini. Akasema viungo vya ndani viliachwa porini. Sasa alikagua nini, Mheshimiwa? Pembe? Kifua kikuu hakiandikwi kwenye ngozi. Halafu, bila hata haya, akaniomba nimwazime kipimajoto. Tukakichoma pajani: nyuzi 24. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wanataka mzoga wa mnyamapori mkubwa ushuke hadi nyuzi 7 au chini yake. Akajaza fomu, akaaga.

Niliwakataa wote wanne. Mwindaji alinitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akageuza gari. Wameliwa, naamini. Muhuri walikuwa nao.

Miaka miwili iliyopita ulisimama mbele yetu ukaahidi chumba cha baridi pale kituo cha kukusanyia mizoga. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha. Chumba kimejengwa, sikatai, kina mlango mzuri sana. Mashine yake haijawahi kuwaka hata siku moja. Mlinzi anahifadhi humo baiskeli. Wapo wanaosema fedha za umeme ziliishia njiani, wapo wanaosema kompresa iliyoletwa siyo. Mimi nadhani tu wakubwa hawali nyama hii.

Mimi nina leseni. Visu vyangu navitia kwenye maji ya nyuzi 82 kila nikimaliza mzoga, hata kama hakuna anayeniona. Lakini mteja akiumwa tumbo haulizi muhuri ni wa nani, anauliza bucha gani. Leo ni siku ya tisa nimefunga. Kijana aliyekuwa akinisaidia nimemrudisha kwao, na nimeshindwa kumtazama usoni. Nikifungua nauza uozo wenye muhuri, nikifunga tunalala njaa. Ungekuwa wewe ungechagua lipi?

Na tunacheza na makubwa zaidi. Iko siku ataletwa mnyama aliyeokotwa amekufa, damu isiyoganda ikimtoka puani. Kimeta, Mheshimiwa, ugonjwa wa wanyama unaoua hata watu, na mzoga wake haupasuliwi kabisa. Naye atagongwa muhuri.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi. Wawindaji wafundishwe kumtazama mnyama kabla ya kufyatua, kama amekonda, kama anapepesuka. Matumbo yatolewe mapema. Moyo, mapafu na maini viletwe vikiwa na namba ileile ya mzoga. Mkaguzi apewe kipimajoto chake, jamani. Nimeyasoma tena nikaona utayapeleka kwenye kamati.

Basi naomba moja. Washa chumba. Kama ni umeme, tuambie, tutachangishana. Kama ni baiskeli, mlinzi tutamtafutia pa kuiweka. Lakini washa chumba, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, bado,
Mwenye bucha lililofungwa