Kifaa cha ghalani kichaguliwe ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloamuliwa na wachache lakini likabebwa mikononi na wengi, nalo ni uchaguzi wa vifaa vya kompyuta vya mkononi vinavyotumika kupokea, kupanga, kuhesabu na kutoa mizigo ghalani. Nimekuwa mtunza ghala kwa miaka ishirini na mitatu, mingi kati ya hiyo nikiwa katika maghala ya bidhaa za majumbani kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo wazee wa Vingunguti bado wanaiita Barabara ya Pugu. Nilianza na leja na kadi za stoku zilizofungwa kwa uzi kwenye kila rundo la katoni, na leo vijana ninaowasimamia wanatembea na mashine viganjani. Mashine hizo nazipenda, kwa kuwa zimenipunguzia usiku mwingi wa kutafuta katoni arobaini zilizopotea kwenye karatasi tu. Linalonikera ni namna zinavyonunuliwa.

Mwajiri mmoja niliyewahi kumfanyia kazi aliamua kuachana na makaratasi, na uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri. Kamati ikakaa ofisini penye kiyoyozi, ikaletewa bei tatu, ikachagua iliyo chini kuliko zote: simu janja 30 za kawaida, za aina anayoweza kuinunua mtu yeyote pale Kariakoo, zikiwa zimevishwa kava za mpira. Katika kamati ile hakuwamo hata mmoja aliyewahi kushusha kontena. Baada ya miezi sita simu zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa 11. Zilizobaki zililala kwenye droo ya meza yangu, vioo vimepasuka na matundu ya chaji yamejaa unga wa sabuni, na sisi tukarudi kwenye leja huku tukilaumiwa kwamba hatutaki maendeleo.

Sababu za kushindwa kule zote zingeweza kuonekana siku ya kwanza kama kamati ingetembea hatua mia moja tu kutoka ofisini hadi mlango wa kupakilia. Mfanyakazi wa ghala anabeba katoni kwa mikono miwili. Simu ataiweka wapi? Ataiweka mfukoni, ambako itaanguka akiinama, au kwapani, ambako itaanguka akinyoosha mkono, na sakafu ya ghala ni zege. Kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hii huja na mkanda wa mkononi au kishikio, na mtengenezaji wake hutaja wazi kimepimwa kuangushwa kwenye zege kutoka urefu gani, aghalabu mita 1.5 au 1.8, ambao ni takriban urefu wa sikio au utosi wa mtu aliyesimama. Kadhalika hutaja kiwango cha IP, yaani cha kuzuia vumbi na maji, chenye tarakimu mbili: 6 ya mwanzo ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa, na ile ya pili inahusu maji, ambapo 5 ni maji ya kurushwa kwa mpira na 7 ni kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa ghala la unga, saruji au sabuni, ile 6 ya mwanzo ndiyo ya kuitazama zaidi, hata kama mwuzaji atapenda kukuonyesha kifaa kikiogelea ndani ya ndoo.

Kisha kuna kazi yenyewe ya kusoma msimbopau, ile alama ya mistari inayochapwa kwenye bidhaa, ambao sisi ghalani tunauita bakodi. Kamera ya simu huusoma, sikatai, na mwuzaji atakuonyesha ikisoma chupa ya maji juu ya meza yenye mwanga mzuri. Lakini kamera hiyohiyo hukawia kutafuta fokasi, hushindwa palipo na giza nyuma ya marundo, huchanganywa na mng'ao wa plastiki iliyozungushiwa paleti, na husumbuliwa na msimbo uliochapwa kwa wino hafifu juu ya katoni ya kahawia, jinsi zilivyo katoni nyingi za viwanda vyetu. Kifaa cha kazi kina jicho lake maalumu lenye taa na nukta ya kulengea, na kitufe cha pembeni kinachobonyezwa bila kutazama kioo. Tofauti ni sekunde mbili au tatu tu kwa msimbo mmoja, na kwa mtu anayesoma misimbo kumi kwa siku haina maana yoyote. Anayesoma misimbo 1,000 kwa zamu, akipoteza sekunde 3 kwa kila mmoja, amepoteza dakika 50, na lori la Morogoro liko nje linamsubiri.

Hata miongoni mwa vifaa vya kazi macho hayalingani. Visomaji vya leza vilifaa kwa ile mistari iliyosimama iliyoanza kusomwa madukani Marekani mwaka 1974. Misimbo ya mraba, kama QR iliyobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso kwa ajili ya vipuri vya magari, au kile kimraba kidogo cha DataMatrix kinachobeba namba ya bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye maboksi ya dawa, inahitaji jicho linalopiga picha. Shirika la GS1, ambalo ndilo mratibu wa misimbo hii duniani, limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 mashine za malipo madukani ziwe na uwezo wa kuisoma misimbo hiyo ya mraba pia. Kwa hiyo anayeuziwa leo kifaa cha leza tupu kwa bei ya kutupa ajiulize kwa nini kinatupwa. Na mwenye shelfu za mita kumi kwenda juu aulize pia kuhusu jicho la masafa marefu, la sivyo dereva wa foklifti atakuwa anashuka kitini kila mara kuomba msaada wa ngazi.

Nikiambiwa nitaje jambo moja tu la kuulizwa kabla ya bei, nitataja betri. Ghala letu lilifanya kazi kwa zamu mbili, tangu saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Simu inayowaka kioo, kamera na mtandao kwa mfululizo haikufika saa tisa alasiri. Vijana wakawa wanapanga foleni kwenye soketi moja iliyokuwa karibu na mlango wa ofisi, na kazi ikawa inasimama kwa sababu ya waya. Betri hizi za lithiamu hupungua nguvu kadiri zinavyochajiwa. Kwa kawaida baada ya mizunguko 300 hadi 500 huwa imebaki kama asilimia 80 ya uwezo wake wa awali, na anayechaji kila siku huifikia hali hiyo ndani ya mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu. Kama betri haitoki, kifaa chote kinazeeka pamoja nayo, au kinapelekwa kwa fundi ambaye atakifungua, na kikishafunguliwa kile kiwango cha IP tulichokilipia kimekwisha. Betri inayotoka hubadilishwa kwa nusu dakika, ya akiba ikiwa imejaa kwenye stendi. Tena zipo aina ambazo mtumiaji hubadilisha betri bila kifaa kuzimika, akaendelea na orodha yake palepale alipoishia.

Joto nalo lihesabiwe. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi, na vifaa vingi hukataa vyenyewe kuchaji vikifikia hapo. Stendi yetu ya kwanza ilitundikwa kwenye ukuta wa magharibi, chini ya bati, na mwezi wa Februari ikawa inalala na betri tupu huku taa yake ikiwaka vizuri kabisa. Tulidhani umeme una hitilafu mpaka mlinzi mmoja alipoigusa ile betri na kuutoa mkono haraka. Tukaihamishia upande wa pili.

Kuhusu mtandao wa waifai sina mengi, isipokuwa kwamba upimwe ghala likiwa limejaa. Chuma cha shelfu hurudisha mawimbi, na maji huyanyonya. Rundo la maji ya chupa ni ukuta kwa mtandao. Wataalamu walikuja kupima kwetu wakati ghala liko nusu tupu, wakaridhika. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, sukari, mafuta na tende zilipofika kwenye dari, vifaa vyote vilivyokuwa njia ya tatu na ya nne vilikatika mawasiliano. Kwa sababu hiyo programu inayowekwa kwenye kifaa lazima iwe na uwezo wa kutunza kumbukumbu ndani yake mtandao unapopotea, au umeme unapokatika, na kuzituma kwenye seva, yaani kompyuta kuu, baadaye bila kurudia hesabu mara mbili.

Wengi husahau kuuliza kifaa kitahudumiwa mpaka mwaka gani. Tulikuwa na mashine imara sana za vitufe, zilizotumia mfumo wa Windows Embedded Handheld 6.5, ambazo hata leo zingewaka ukiziwasha. Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo tarehe 14 Januari 2020, na aliyechelewa kuhama alibaki na chuma kizuri kisicho na ulinzi. Siku hizi vifaa vingi vinatumia Android, jambo linalorahisisha mafunzo kwa kuwa kila kijana ameshaizoea kwenye simu yake. Hata hivyo miaka ya kupata masasisho ya usalama inatofautiana sana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na inapaswa kuandikwa kwenye mkataba pamoja na jina la duka au karakana ya hapa nchini itakayokuwa na betri, vioo na stendi za akiba. Vifaa pia vifungwe ili vifungue programu ya kazi peke yake. Sisi hatukuvifunga, na siku ya Simba na Yanga bando la mwezi mzima liliisha kabla ya kipindi cha pili.

Sijaona zabuni hata moja inayotaja lugha. Programu yetu ilikuwa ya Kiingereza, na vitufe vya kuthibitisha na kufuta vilikaa jirani. Makosa yaliyoripotiwa kuwa ni upotevu wa mali, nilipoyafuatilia karatasi kwa karatasi, mengi yalikuwa ya mtu aliyefuta alichodhani anakithibitisha. Programu ilipoandikwa upya kwa maneno tunayoyatumia wenyewe, yaani pokea, hamisha, toa, hesabu, makosa ya namna ile yalipungua bila mtu yeyote kukemewa. Sioni kwa nini mkaguzi anayelipwa kutafuta wizi asianze kwa kukisoma kioo anachokisoma kuli wa zamu ya usiku.

Sisemi kila mwenye stoo anunue kifaa cha bei kubwa. Mwenye duka la jumla linalotoa katoni hamsini kwa siku atatosheka na simu yake na kisomaji kidogo cha kuunganishwa kwa bluetooth, na fedha inayobaki akaongezee bidhaa. Ninaowalenga ni wenye maghala makubwa, zikiwamo taasisi za umma zinazotunza dawa na chakula, ambako kifaa kimoja hupita mikononi mwa watu watatu kwa siku moja.

Mara ya pili mwajiri yule alikubali tujaribu kwanza. Tuliomba vifaa viwili viwili kutoka kwa wauzaji watatu, tukavitumia wiki mbili, na waliotoa hukumu walikuwa mpokeaji wa mizigo getini, dereva wa foklifti na dada mmoja mwenye kazi ya kukusanya oda. Kile kilichoipendeza kamati kwa ukubwa wa kioo chake yule dada alikikataa siku ya pili, kwa sababu kidole gumba chake hakikufika upande wa pili wa kioo akiwa amekishika kwa mkono mmoja. Getini, kingine kilikataliwa kwa kuwa kioo chake hakikuonekana kabisa juani. Kilichopita kilikuwa na bei ya kifaa kimoja karibu mara nne ya ile simu, na kwa kuwa betri zake zilitoka na watu wa zamu mbili waliweza kushirikiana, tulinunua 18 badala ya 30, na betri za akiba 18.

Ningeomba wanaoandika zabuni za vifaa hivi waweke sharti la majaribio ya namna hiyo, na angalau zamu moja ya majaribio iwe ya usiku, ghala likiwa limejaa, kwa kutumia katoni zetu wenyewe zenye wino hafifu, na fomu ya tathmini ijazwe na wanaobeba. Vile 18 sasa vina miaka miwili na miezi kadhaa. Vinavyofanya kazi ni 17. Kimoja kilikanyagwa na foklifti.

Wako,
Mtunza ghala,
Temeke, Dar es Salaam